SAFARI YA SAA MOJA NA SALA YA RAKAA MBILI

Sifa zote njema ni za Mwenyezi Mungu, Mola wa viumbe vyote, na rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad, na jamaa zake, na Sahaba zake, na kila aliyewafuata kwa wema.

Ama baad. Ndugu zetu Waislamu, katika darasa letu la usiku wa kuamkia Ijumaa ililetwa barua itokayo Naitiri. Pengine wengi katika wasomaji wetu wa Mombasa, Malindi na Lamu hawajapata kulisikia jina hilo. Naitiri ni mji mdogo wa wakulima katika Kaunti ya Bungoma, baina ya Kitale na Bungoma yenyewe, katika ile nchi ya mahindi iliyo upande wa kusini mashariki wa mlima Elgon. Mashamba ya pande zile mengi yalikuwa ya walowezi wa Kizungu, na baada ya Uhuru wa 1963 yakagawiwa wananchi. Aliyetuandikia ni kijana wetu wa hapa Mombasa, ambaye biashara yake ni kununua mahindi na maharagwe kule na kuyaleta pwani. Amepanga chumba Naitiri, na mkewe na watoto wake amewaacha nyumbani kwa baba yake, Kibokoni.

Anasema katika barua yake kwamba kila mwezi hurejea Mombasa kuwatazama jamaa zake kwa siku tatu. Zamani akija kwa basi, na siku hizi huja kwa ndege: hutoka Naitiri kwa gari hadi Eldoret, akapanda ndege hadi Nairobi, na kutoka Nairobi akapanda nyingine hadi Mombasa, na kila kipande cha hewani hakizidi kiasi cha saa moja. Siku moja alipokuwa nyumbani alitangulizwa asalishe Alasiri. Akasali rakaa mbili akatoa salamu. Baba yake akasimama, akamwuliza kwa hasira ni Sala gani ile aliyowasalisha. Kijana akajibu kuwa yeye ni msafiri. Mzee akamwambia: "Mtu aliyekunywa chai ya asubuhi kwake, na Adhuhuri yuko kwa mkewe, hana hata vumbi mguuni, huyo ni msafiri gani? Rukhusa hiyo waliachiwa watu wa ngamia." Akairudia Sala yake, na tangu siku hiyo, asema kijana, baba haniachii tena kusimama mbele, nami sisali tena nyuma yake, bali husali chumbani peke yangu.

Jambo hili limetuhuzunisha. Baba na mwana wamo katika nyumba moja, wanaelekea kibla kimoja, na ukuta umeingia baina yao kwa sababu ya rakaa mbili. Na tulipoisoma barua mpaka mwisho tukaona kuwa jambo ni kubwa zaidi ya hilo, kwani kijana wetu anaeleza, bila ya kuona kuwa ana kosa, kuwa kwa muda wa mwaka na nusu amekuwa akipunguza Sala kila mahali. Mombasa hupunguza kwa kuwa amekuja kwa siku tatu tu. Naitiri hupunguza kwa kuwa si kwao. Kitale na Bungoma hupunguza kwa kuwa ametoka kwenda sokoni na benki, na akijumlisha kwenda Bungoma na kurudi huona zimepita kilomita 80. Basi fikiri, ewe ndugu msomaji: mtu huyu hana mahali popote duniani anapoisali Adhuhuri rakaa nne!

Tutaanza na maneno ya mzee, kwani ndiyo yanayosemwa sana katika baraza zetu, na wenye kuyasema ni watu wema waipendao dini yao. Wao hudhani kuwa sababu ya kupunguza Sala ni taabu ya njia, na kwamba ndege imeiondoa taabu, kwa hivyo imeiondoa na rukhusa pamoja nayo.

Mwenyezi Mungu, katika aya ya 101 ya Suratun-Nisaa, Ametuondolea lawama ya kupunguza Sala tunapokwenda safari katika ardhi, na aya yenyewe imetaja khofu ya makafiri. Khofu ile ilipoondoka, na watu wakasafiri kwa amani, Yaala bin Umayya alimwuliza Sayyidna Umar (R.A.) mbona watu wangali wanapunguza na hali wamekwisha salimika. Sayyidna Umar akamwambia kuwa yeye naye lilimstaajabisha hilo hilo, akamwuliza Mtume (S.A.W.), na Mtume akamjibu kuwa hiyo ni sadaka ambayo Mwenyezi Mungu Amewapa, basi waipokee sadaka Yake. Hadithi hii ameipokea Imamu Muslim. Tazama basi: sababu iliyotajwa katika aya yenyewe ilipoondoka, rukhusa ilibaki. Itakuwaje sisi tuiondoe kwa sababu ya taabu, ambayo aya haikuitaja kabisa?

Hakika safari ina taabu. Mtume (S.A.W.) amesema kuwa safari ni kipande cha adhabu, humnyima mtu usingizi wake na chakula chake na kinywaji chake. Lakini wanavyuoni wametufunza kupambanua baina ya hekima ya hukumu na sababu yake. Hekima ya rukhusa hii ni kuwapunguzia watu uzito. Sababu yake ni safari. Hukumu hufuata sababu, kwa kuwa sababu yaonekana na kupimika, na taabu haipimiki. Lau kama ingelikuwa taabu ndiyo sababu, basi mchukuzi wa bandari ya Kilindini, abebaye magunia juani tangu asubuhi mpaka jioni, angelistahiki rakaa mbili kuliko mtu yeyote. Wala hapana mwanachuoni hata mmoja aliyempa. Na mwanamke apikaye maandazi alfajiri, akafua, akalea, akapika tena, naye taabu yake ni nyingi kuliko ya abiria aliyekaa kitini kwa saa moja akitazama mawingu, na bado Sala yake ni nne. Abiria yule hupunguza kwa kuwa amesafiri.

Wala msidhani kuwa swala hili la mwendo wa haraka limezuka pamoja na ndege. Imamu Nawawi, aliyefariki mwaka wa 676 wa Hijra, yaani 1277, amelitaja katika Minhaji, kitabu kisomwacho katika darasa zetu za pwani vizazi kwa vizazi. Ameeleza ndani yake kuwa hukumu ya bahari ni kama ya nchi kavu, na kwamba mtu akiukata mwendo ule wote baharini kwa muda wa saa moja tu, atapunguza. Saa moja! Imamu hakuona ndege. Alichokijua ni kwamba jahazi likipata upepo laweza kufanya kwa muda mchache mwendo ambao ngamia huufanya kwa siku mbili, naye hakuona kuwa upepo mwema unabatilisha safari. Sisi watu wa kaskazi na kusi tulistahiki kulifahamu neno hili kabla ya wengine. Nahodha atokaye Lamu na tanga limejaa, akaiona Mombasa mapema kuliko alivyotarajia, hakuambiwa na mtu kuwa safari yake si safari kwa kuwa upepo ulimwonea huruma.

Na wazee wa wazee wetu walikwenda Mumias, kwa Nabongo Mumia, na misafara ya miguu. Mwendo wa miezi. Mumias haiko mbali na Bungoma. Reli ilipoanza kujengwa kutoka Mombasa mwaka 1896 na kufika ziwani mwaka 1901, mwendo ule wa miezi ukawa wa siku chache. Tawi lake likafika Kitale mwaka 1926. Leo ni ndege. Muda umepungua kila mara, lakini ardhi iliyo baina ya Mombasa na Kitale haikupungua hata shubiri moja. Kwa mstari ulionyoka wa angani ni kiasi cha kilomita 750, na kwa barabara zapita 850. Dereva wa lori aletaye magunia ya kijana wetu hutumia siku mbili njiani, na mwenye magunia hufika kabla ya Adhuhuri. Na mbele ya Sheria wote wawili wamekata mwendo ule ule, na rukhusa yao ni moja.

Tena mtu anayekwenda Hija kwa ndege huivuka mikati akiwa hewani, kwa dakika chache, bila ya kuona mti wala jiwe. Je, yuko aliyesema kuwa kwa vile ndege haikusimama basi hana haja ya kuhirimia? Mpaka ni mpaka, uvukwe kwa mguu au uvukwe kwa bawa.

Kwa hivyo mzee wetu, Mwenyezi Mungu Amhifadhi, amekosea katika hoja yake. Lakini kijana naye asifurahi upesi.

Tuje katika kipimo. Madhehebu yetu ya Imamu Shafi, na pamoja nao Malik na Ahmad, wameweka marhala mbili, nazo ni farsakhi 16, yaani maili 48 za zamani. Wenye kuzigeuza kwa kilomita wamekhitalifiana kwa kukhitalifiana kwao katika urefu wa maili ile: wako wanaosema 80 na kidogo, na wako wanaofikisha hadi 89. Imamu Abu Hanifa yeye ametaka mwendo wa siku tatu. Tusifiche jambo, kwani si ada ya ukurasa huu kuficha: kipimo cha farsakhi 16 asili yake ni vitendo vya Ibnu Umar na Ibnu Abbas (R.A.), kama alivyotaja Imamu Bukhari, wala hapana neno lililo wazi la Mtume mwenyewe lenye kuweka hisabu hiyo. Anas (R.A.) ameeleza kuwa Mtume (S.A.W.) alikuwa akitoka mwendo wa maili tatu au farsakhi tatu husali rakaa mbili. Kwa hivyo wako wanavyuoni wakubwa, na Ibnu Taymiyya ni mmoja wao, waliosema kuwa kila ambacho watu kwa desturi yao hukiita safari, hiyo ndiyo safari, bila ya kuhesabu maili. Mimi mwandishi siipuuzi kauli hii. Lakini nimeona watu wengi wakikimbilia desturi pindi hesabu inapowanyima walitakalo, na desturi yenyewe hawaiulizi.

Haya, na tuiulize. Mtu wa Naitiri akienda Kitale kununua mbolea na akarudi kabla ya jua kuchwa, jirani zake watasema amesafiri? Watasema amekwenda mjini. Atabeba masurufu? Atawaaga jamaa? Hafanyi lolote katika haya. Na kwa hesabu ya maili, Naitiri iko katikati ya miji hii miwili, wala mwendo wake wa kwenda Kitale, wala wa kwenda Bungoma, haufikii marhala mbili. Basi wenye kupima kwa farsakhi na wenye kupima kwa desturi wamekubaliana hapa kuwa hii si safari. Na ile hesabu yake ya kujumlisha kwenda na kurudi haikubaliwi, kwani kinachohesabiwa ni mwendo wa kwenda peke yake. Lau tungelihesabu na kurudi, basi wengi wanaotoka Kilifi kufanya kazi mjini Mombasa wangelikuwa wasafiri kila siku ya Mungu.

Mtu wa Kitale aendaye Bungoma, au wa Bungoma aendaye Kitale, huyo ana swala lililo gumu zaidi, na kwa kuwa twajua wako ndugu zetu katika miji hiyo tutaligusia. Kwa mstari wa angani baina ya miji hiyo ni kama kilomita 70, ambazo ni pungufu ya marhala mbili. Kwa barabara ya kupitia Webuye mwendo ni mrefu zaidi, nao waigusa 80. Sasa ashike ipi? Ashike njia aliyoipita. Wanavyuoni wetu wamesema kuwa penye njia mbili, ndefu na fupi, mwenye kushika ndefu kwa haja, kama vile wepesi au amani, huhesabiwa ndefu yake. Na mwenye kuizunguka kwa ajili ya kupata kupunguza Sala tu, hapati. Mwenye gari hana njia ya ndege, basi barabara ndiyo njia yake, na namba ile ya angani aionayo katika simu haimhusu. Lakini kwa kuwa mwendo wenyewe umekaa ukingoni mwa mpaka, na wenye kupima wamekhitalifiana kwa kilomita tisa nzima, ushauri wetu ni atimize nne. Mwenye kutimiza hakuna mwanachuoni wa Kishafi atakayembatilishia, na mwenye kupunguza amejiweka penye shaka.

Haya ni ya njiani. Ama Naitiri kwenyewe, ambako kijana wetu hukaa wiki tatu na zaidi kila mwezi, hukumu yake ni wazi. Msafiri akinuia kukaa mahali siku nne kamili, mbali na siku ya kuingia na siku ya kutoka, safari yake imekatika tangu alipofika, naye ni mukimu, atasali nne kama wenyeji. Twajua wafanya biashara wana udhuru wao, na Sheria haikuwasahau: mtu aliyefika mji kwa haja anayoitaraji kwisha leo au kesho, naye ameazimia kuondoka mara tu itakapokwisha, huendelea kupunguza hata zitimie siku 18, kwa kufuata ukaaji wa Mtume (S.A.W.) Makka katika mwaka wa 8 wa Hijra, mwaka wa Ukombozi. Lau kijana angelikwenda mara moja kungoja lori lijae, hili lingelimfaa. Lakini mtu aliyelipa kodi ya chumba, akanunua kitanda na jiko, na ajua tangu siku anayoingia kuwa hatatoka ila mwisho wa mwezi, huyo hangoji haja ya leo na kesho. Kuwa Naitiri si kwao hakumfanyi kuwa msafiri.

Sasa twarudi Kibokoni. Hapa kijana ametuletea hoja moja nzuri, na twamsifu kwayo. Asema: Mtume (S.A.W.) alizaliwa Makka, na jamaa zake walikuwa Makka, naye alipokwenda huko mwaka wa Ukombozi na tena katika Hija ya kuaga, mwaka wa 10, alipunguza Sala, kwa nini mimi nisipunguze katika mji niliozaliwa? Hoja ni sahihi kwa aliyehama. Mtume (S.A.W.) na Muhajirina waliiacha Makka, wakaifanya Madina kuwa makazi yao, na hawakurudi Makka ila kama wageni. Mtu wa Mombasa aliyehamia Kitale na mkewe na watoto wake, akaifanya Kitale kuwa makazi yake, kisha akaja kumwamkia mamake kwa siku mbili, huyo ni msafiri ijapokuwa amelala katika chumba alichozaliwa, na atapunguza, na mamake asimlaumu.

Lakini wewe, ewe kijana wetu, umehama? Mkeo yuko wapi? Wanao wanasoma chuo gani? Ukiulizwa na askari njiani kwako ni wapi, utasema Naitiri? Barua yako mwenyewe yasema "nyumbani" kila unapoitaja Mombasa, nasi tumehesabu, umelisema neno hilo mara saba. Basi Mombasa ndiyo makazi yako, na safari yako hukatika pale unapoingia katika majumba ya mji, hata kama umekuja kwa siku moja, hata kama umekuja kwa saa mbili. Kwa hivyo ile Alasiri uliyowasalisha ilikuwa ni rakaa nne juu yako. Baba yako aliona kosa, lakini alikosea jina lake. Nawe ulijibu hoja yake sawasawa, ukabaki katika kosa.

Zinabaki basi safari zenyewe, za kwenda na kurudi, na humo rukhusa ni yako, na kwa mwendo uzidio marhala tatu kama huo, kupunguza ni bora kuliko kutimiza katika madhehebu yetu. Utapunguza ukiwa umekwisha yaacha majumba ya mji unaotoka. Kiwanja cha ndege cha Mombasa kiko Port Reitz, bara, na zamani mtu akivuka Makupa huweza kusema ameuacha mji. Leo majumba yameshikana toka Changamwe mpaka mlangoni mwa kiwanja, kwa hivyo ukisali hapo kabla ya kupanda, timiza. Ukishuka Nairobi kungoja ndege ya pili, hapo wewe ni msafiri bila ya shaka. Punguza, na ukipenda zikusanye Adhuhuri na Alasiri. Hewani hapana haja ya kujitaabisha kwa safari fupi kama hizi, kwani wakati hauwahi kutoka kabla hujashuka. Na kumbuka kuwa ukisali nyuma ya imamu mukimu, safarini au popote, utaitimiza pamoja naye.

Kuna jambo jingine ametupa kijana katika mstari mmoja tu wa barua, kama kwamba ni dogo, nalo limetukosesha raha kuliko yote. Asema Ramadhani iliyopita akiwa Naitiri, kwa kuwa hapana msikiti karibu na chumba chake, alikuwa akifuturu kwa adhana ya Mombasa aliyoisikia katika redio. Inna lillahi! Masafa hayabadilishi Sala tu. Hubadilisha na jua. Jua hutumia dakika 4 kuvuka daraja moja ya urefu wa dunia kutoka mashariki kwenda magharibi. Mombasa iko karibu na daraja 39 na thuluthi mbili, na nchi ya Kitale iko kiasi cha daraja 35. Tofauti ni daraja 4 na thuluthi mbili. Zipige mara 4, utapata dakika 18 na zaidi. Na kwa kuwa miji hii haiko katika latitudo moja, tofauti hiyo hupungua mwezi wa Disemba ikawa kama dakika 10, na huzidi mwezi wa Juni ikakaribia nusu saa. Basi adhana ya Magharibi inapolia Mombasa, mtu wa Naitiri akitoka nje ataliona jua lingali mbinguni, na yeye tayari ana tende kinywani. Kila mtu hufunga na kufungua kwa jua la mahali alipo. Siku zile zote utazilipa, moja kwa moja.

Na maadamu tumetaja saumu, tutoe na onyo lihusulo ndege. Msafiri ana ruhusa ya kula Ramadhani na kulipa siku nyingine, kama ilivyo katika aya za 184 na 185 za Suratul-Baqara. Lakini katika madhehebu yetu, aliyepambaukiwa na alfajiri akiwa mukimu hali amefunga, kisha akasafiri, haimjuzii kufungua siku hiyo. Wenye madhehebu ya Imamu Ahmad wamemruhusu. Ndege nyingi za asubuhi huondoka alfajiri imekwisha ingia. Abiria wake alianza kufunga kitandani mwake. Kikombe cha chai apewacho hewani akirudishe.

Sasa kijana wetu afanye nini? Dhambi twamtarajia hana, kwani alifanya kwa kutojua, na alipopata shaka aliuliza, ijapokuwa alichelewa. Deni analo. Kila Adhuhuri, Alasiri na Isha aliyoipunguza Naitiri, Kitale, Bungoma na nyumbani Mombasa, ailipe rakaa nne. Alfajiri na Magharibi hazimo, na zile alizopunguza njiani, baada ya kuyaacha majumba, ni sahihi. Akae na daftari lake la biashara, ambalo twajua ameliandika kwa uangalifu kuliko alivyoziandika Sala zake, limwonyeshe siku alizokuwa njiani, na siku zilizobaki zote azihesabu kuwa ni deni. Kisha kila asalipo Adhuhuri ya leo aisali na moja ya zamani, na Alasiri vivyo hivyo, na Isha vivyo hivyo. Kwa mwendo huo, mwaka na nusu utalipwa kwa mwaka na nusu. Na akizidisha siku za Jumapili, soko linapopoa, atamaliza mapema.

Ama mzee wetu, yeye hana deni la Sala, kwani mwenye kutimiza safarini Sala yake imesihi, na ile Alasiri aliirudia. Tumempelekea nakala ya ukurasa huu na salamu zetu, na tumemwomba jambo moja: kijana atakapokuja mwisho wa mwezi, amgongee mlango wa chumba wakati wa Alasiri. Na wewe kijana, ukigongewa, toka, usimame nyuma ya baba yako, usali nne.

Wallahu aalam.